Springi za Mfaransa wa Ikungi

Juzi nilipita jirani na stendi nikaona duka jipya la spea, limepakwa rangi mpaka linang'aa, na kijana wa kaunta ameinamia simu. Mteja alimwonyesha picha ya kitu anachotaka. Kijana akaituma Dar, akasubiri kidogo, akajibiwa. "Ipo," akasema, "kesho kutwa itafika na basi." Hakuuliza gari ni la mwaka gani, wala linabeba nini, wala kama mteja amekuja na kile kilichoharibika ili akishike mkononi. Nilisimama kidogo kama mtu anayechagua, kisha nikaenda zangu. Hasira sikuwa nayo. Hata mimi nilipostaafu nilituma picha kila pembe ya nchi, na ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Jina langu Hadija, lakini Singida Mjini wanaonijua wananiita Mama Spea. Kazi yangu yote niliifanya nyuma ya kaunta moja, dukani kwa Bwana Jayanti, Mhindi aliyezaliwa hapahapa, aliyekuwa akiamkiana na wakulima kwa Kinyaturu safi kunizidi mimi niliyekinyonya kwa mama. Nawaandikia ninyi mnaoanza kuuza spea, na ninyi mnaoshika spana. Sina la kuwatia moyo. Ningekuwa nalo ningewapa.

Tuanze na springi zenyewe, ili mnielewe. Nasema zile za mbele, za chuma kilichozungushwa, zinazokaa juu ya shokapu. Bwana Jayanti alinifundisha kwamba springi hainunuliwi kwa macho. Unaisimamisha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, unapima kimo chake ikiwa haijabeba kitu. Unapima unene wa waya. Unahesabu mizunguko. Unaangalia ncha zake, kama zimelazwa au zimeachwa zichomoze, maana kiti chake kwenye gari kinataka ncha ya aina yake. Halafu unaigonga kwa spana. Nzima inalia kwa muda, kama kengele iliyofunikwa kwa kitambaa. Yenye ufa inatoa sauti fupi, mara moja, basi.

"Na hawa ni mapacha, Hadija," alikuwa akiniambia. "Ukiuza mmoja, umewagombanisha."

Alikuwa na maana kwamba mpya na ya zamani hazibebi sawa. Mwenzangu wa kaunta, Rashidi, Mungu amrehemu, aliwahi kumuuzia katekista wa Iguguno springi moja tu, kwa sababu katekista alisema ya pili bado nzima. Gari lile lilienda likiwa limeinama upande kama mtu aliyebeba ndoo. Waumini wakawa wanasema katekista analiendesha huku akisikiliza kitu chini. Alirudi akachukua ya pili, na Bwana Jayanti akamkata Rashidi chai ya asubuhi kwa wiki nzima.

Yupo na fundi mmoja aliyekataa kununua kifaa cha kubania springi, akaibana kwa waya wa kufungia mbuzi. Waya ulikatika. Springi ilitoboa bati la gereji ikatua kwa jirani, katikati ya sufuria ya uji. Tulicheka mwaka ule wote. Lakini msicheke mkasahau: ile springi ilipita pale ambapo dakika moja nyuma palikuwa na kichwa chake. Ibaneni kwa vifaa viwili vinavyotazamana, na uso wako usiuweke mbele yake hata kama unafanya haraka. Wala msiichome kwa gesi ili gari lishuke. Chuma kile kikishaonja moto wa namna hiyo, hakirudi juu tena.

Hayo ndiyo niliyoyajua. Sasa sikilizeni yalivyonisaidia.

Bwana Jayanti alipofariki, mwanawe alikuja kutoka Dar. Kijana mstaarabu, alitulipa vizuri wote, hakumfukuza mtu. Ila yeye hakutaka spea. Alitaka kuuza vigae. Vitu vyote vya zamani vilivyokuwa vimening'inia darini viliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kupimwa kwenye mizani. Nilikuwepo. Ndani ya rundo lile niliziona springi za mbele za lile gari la Kifaransa, stesheni wagoni yenye mgongo mrefu, ambalo sisi tuliliita Mfaransa. Zilikuwa mbili, zimefungwa pamoja kwa waya, zina rangi yake ya kiwandani bado. Zilikuwa hazijaulizwa na mtu kwa miaka mingi. Nilizitazama zikipanda kwenye lori, na sikuwa na sababu yoyote ya kuzizuia.

Haukupita msimu mmoja wa mvua, nikiwa nimeshastaafu, nikasikia hodi nyumbani kwangu Utemini. Alikuwa mzee mrefu, kofia mkononi, na kiroba begani.

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimeelekezwa na watu wa duka la vigae. Wewe ndiye Mama Spea?"

"Nilikuwa."

Alikaa, akafungua kiroba. Alitoa springi ya Mfaransa, mzunguko wake wa chini umekatika, na kile kipande kilichokatika amekileta pia, kimefungwa kwenye gazeti kama dawa. Sikuhitaji kupima. Nilizikumbuka zile mbili zilizopanda lori, nikamkaribisha chai ili nipate muda wa kutosema.

Huyo ndiye Mzee Msengi wa Ikungi, bwana shamba mstaafu, Mnyiramba aliyepangiwa kazi Ikungi zamani akabaki huko. Mke wake anaitwa Mama Grace. Mama huyo aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na nyonga ikaunga vibaya. Kukaa wima hawezi kwa muda mrefu. Kutikiswa ndiyo hawezi kabisa. Kwao ni Kiomboi, na huko alikuwa na dada yake mkubwa, Naomi, mgonjwa, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo la mama yao. Kila jioni walizungumza kwa simu. Kila jioni Naomi alimuuliza utakuja lini.

Walishajaribu gari la kukodi. Tuta la kwanza alivumilia, la pili akalia, na baada ya hapo dereva mwenyewe aliomba warudi.

"Ndipo nikalikumbuka Mfaransa," Mzee Msengi aliniambia. "Limelala uani tangu nistaafu. Wewe unalijua, mama. Ukipita kwenye shimo, shimo linasikia lenyewe, wewe husikii."

Nilikuwa nalijua. Katika magari yote niliyoyauzia spea, hakuna lililokuwa laini kama lile. Na mgongo wake ni mrefu, viti vya nyuma vikilazwa godoro linaingia lote. Mtu anakwenda amelala.

Nilienda Ikungi kuliona. Fundi wake, Ntandu, mtu wa makamo asiyependa maneno, alikuwa amelijenga upya karibu lote. Injini ilikuwa inawaka. Sakafu iliyooza aliikata akachomelea bati la pipa. Mabomba ya breki yalikuwa mapya, mpira wa milango mpya, hata taa za ndani ziliwaka. Lilikuwa limesimama uani juu ya mawe, upande wa mbele kushoto hauna springi, upande wa kulia inayo nzima. Kitu kimoja tu kilikosekana katika gari zima.

"Nipe muda," nilimwambia Mzee Msengi.

Mama Grace alikuwa amelala kibarazani kwenye kitanda cha kamba, akitusikiliza. "Muda upo, mdogo wangu," alisema. "Dada ndiye sijui kama anao."

Nilianza. Nilipiga simu Dodoma, Arusha, mtaa wa Gerezani kule Dar wanakouza spea, nikatafuta hadi mtu aliyejua mtu Nairobi. Nilituma picha, nikatuma vipimo. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwa kucheka. Mmoja aliniambia, "Mama, hilo gari hata sisi tumelisahau." Mwingine alisema anazo, na kila niliposema nitamtuma mtu azipime, simu ikawa haina mtandao.

Halafu springi zikaja kweli, kwa basi, ndani ya gunia. Muuzaji aliapa ni zenyewe. Kimo kilikuwa sawasawa. Lakini waya ulikuwa mnene zaidi, na nilipozishika tu nilijua zimetoka kwenye gari la mizigo. Nilimwambia Ntandu. Naye akasema, "Mama, tujaribu. Tutasemaje hatukujaribu?"

Akazifunga. Mfaransa aliinuka pua juu kama mbwa anayenusa moshi. Tukamlaza Mama Grace kwenye godoro nyuma, Ntandu akaendesha polepole kutoka uani hadi barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa naye, nimemshika mkono. Tulipovuka mtaro mdogo wa maji, mkono ule ulinibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nirudisheni."

Tulipomshusha alimwita Ntandu akamwambia, "Samahani, mwanangu. Kazi yako ni nzuri." Ntandu aligeuka akawa anafuta mikono kwa tambara, mikono ambayo haikuwa na grisi.

Tukajaribu tena. Kulikuwa na fundi Dodoma aliyesema anaweza kuzizungusha mwenyewe kutoka chuma cha lori. Zilikuja, ukiziangalia huwezi kuzitofautisha. Ntandu alizifunga, akapakia magunia ya mahindi nyuma ya gari, akaliacha. Asubuhi pua ya gari ilikuwa imelala karibu na ardhi, na magunia yaliposhushwa haikuinuka. Huo ndio mtihani, vijana wangu, muukumbuke. Springi isiyorudi baada ya mzigo ni waya tu.

Nilikuwa nimeshaanza kutompigia Mzee Msengi simu, kwa sababu sikuwa na la kusema, ndipo dereva mmoja wa lori la mkaa akaniambia ameona Mfaransa mwingine Mitundu, kule kusini ya Itigi, limefunikwa turubai kwenye uwanja wa mfanyabiashara wa asali. Nilimuuliza mara mbili mgongo ni mrefu au mfupi. Mrefu, alisema.

Tulikwenda watatu, Mzee Msengi, Ntandu na mimi, kwa pikapu ya Ntandu, Manyoni, Itigi, halafu ile njia ya mchanga katikati ya vichaka ambayo ukiingia unadhani haina mwisho. Mzee Msengi alikuwa amevaa koti. Njiani alikuwa akipanga maneno. "Nitamwambia nina mgonjwa," anasema. "Hapana, kwanza nitamwambia mimi ni nani."

Mwenye gari aliitwa Mzee Maganga. Tulimkuta anachuja asali. Alikuwa mkubwa kwa Mzee Msengi, ilionekana, na mwenzake akavua kofia akaamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni mkae. Mmetoka mbali, vumbi linasema."

Tuliletewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai iliyotiwa asali badala ya sukari. Habari za safari, habari za mvua, habari za nyuki. Gari tulikuwa tunaliona, chini ya kibanda cha nyasi, turubai limefungwa kwa kamba kila kona. Mwishowe Mzee Maganga mwenyewe aliona macho ya Mzee Msengi yanakokwenda.

"Unalijua lile?"

"Ninalo kama hilo."

Mzee Maganga aliinuka kama kijana. Akavua turubai. Gari lilikuwa safi kuliko letu, dashibodi haina ufa, na Ntandu aliingia chini yake kabla hajakaribishwa. Wale wazee wawili walikaa ndani, kila mmoja kiti chake, wakaongea jinsi linavyopanda kilima, jinsi gia zake zinavyoshikwa karibu na usukani, jinsi watu walivyokuwa wakisimama barabarani kulitazama. Mzee Msengi alicheka. Safari nzima sikuwa nimemwona akicheka.

Ntandu akatoka chini, akaja kwangu, akasema taratibu, "Ya kushoto nzima. Ya kulia imevunjika."

Na kwa gari lile, kushoto na kulia ni springi ileile. Yetu nzima ilikuwa ya kulia, yao ya kushoto. Zimechoka sawa, umri mmoja. Mngeziweka pamoja zingekaa vizuri kama mapacha waliozaliwa siku moja. Magari mawili katika mkoa mzima, na springi nzima za kutosha gari moja.

Nilimtazama Mzee Msengi aseme. Ndipo Mzee Maganga akatangulia.

"Mimi nimekwama na springi tu," alisema. "Mwanangu marehemu ndiye aliyeninunulia gari hili. Nilipomzika nilimwahidi nitaliendesha hadi kaburini kwake Tabora, nikamwonyeshe linatembea. Nimesikia Singida kuna mama mmoja anaitwa Mama Spea, akikosa yeye basi hakuna. Nasubiri mavuno ya asali niende nikamtafute."

Ntandu alinitazama. Mzee Msengi alitazama usukani. Mwisho nilisema, "Mzee, mimi ndiye."

Mzee Maganga alifurahi kwelikweli. Aliniita ndani ya gari, akanipa mkono, akamwita mkewe aje anione. Ilibidi nimwambie yote, kwamba ninazitafuta na sijazipata, ila sikumwambia tulichokuwa tumekuja kukifanya pale. Hilo lilikuwa la Mzee Msengi kusema. Naye hakulisema. Tuliagana jua likiwa bado juu, tukapewa dumu la asali, "kwa ajili ya mgonjwa," maana hilo la mgonjwa Mzee Msengi alikuwa amelitaja.

Tulipofika Itigi, Ntandu alishindwa kunyamaza. "Mzee, hukumwomba."

"Ningemwombaje?" alisema Mzee Msengi. "Mkubwa wangu anasubiri kitu, nami nimwombe hata ile moja aliyonayo?"

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Mama Grace alipoelezwa, alikaa na jambo lile siku kadhaa, halafu akatuita.

"Magari mawili yamelala," alisema. "Hata moja halitembei. Ng'oeni springi yetu mumpelekee. La kwake likitembea, akitoka Tabora kwa mwanawe, siku moja atapita hapa anipeleke Kiomboi. Na asipopita, litakuwa limetembea moja."

Mzee Msengi alimpigia simu Mzee Maganga mbele yetu, sauti ikiwa wazi wote tusikie. Yule mzee akasema, "Mdogo wangu, Tabora kunaweza kusubiri. Mgonjwa ndiye wa kwanza. Nitakuja na godoro langu mwenyewe." Mama Grace alifunika uso kwa kanga. Jioni ile alimwambia Naomi kwenye simu, "Nimepata gari." Nilisikia kicheko cha dada yake, chembamba, kinatoka kwenye simu kama cha mtoto.

Ntandu aliing'oa springi, akaisafisha, akaipaka rangi nyeusi. Halafu mvua zikaanza. Njia ya Mitundu ikakatika, malori yakazama, hakuna aliyepita. Tulisubiri. Mwanzoni Mzee Maganga alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza maji yamepungua au bado. Baadaye simu yake ikawa inaita bila kupokewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Tulisema ni chaji, kule umeme wa jua hauaminiki siku za mawingu.

Njia ilipofunguka tulienda mimi na Ntandu, springi ikiwa katikati yetu, imefungwa kwenye blanketi. Tulipoingia uwanjani nilikiona kibanda cha nyasi kiko kitupu. Chini palikuwa na mawe manne na doa la mafuta.

Mpwa wake alitupokea, mtu mzima, mwenye adabu, macho mekundu. Mzee alikuwa ameugua kifua. Barabara ilikuwa mbovu, hawakuweza kumfikisha hospitali. Walikuwa wamemzika tayari. Wageni wa msiba walikuwa wengi na mvua ilikuwa imeharibu asali, pesa hakuna, na wakati huohuo lori la chuma chakavu lilikuwa la kwanza kupita baada ya njia kukauka. Gari lilikuwa halipandi zima. Walilikata kwa gesi palepale uwanjani.

"Sikujua kama kuna mtu analisubiri," alisema. "Mzee kule mwisho alikuwa anataja Mfaransa, Mfaransa, sisi tukadhani homa imempanda kichwani."

Ntandu alitoka nje. Nilimpa pole yule ndugu, nikaenda kumpa pole mjane, nikamwombea marehemu, kisha tukaondoka. Manyoni tuliulizia wanapokusanya chuma, tukaonyeshwa. Tulikuta boneti na mlango wa nyuma vimeegemezwa ukutani. Nilivitambua kwa usafi wake. Mlinzi wa pale alituuliza tunatafuta nini, nikamwambia.

"Springi haikai hapa, mama," alisema. "Ndizo zinazoondoka kwanza. Chuma chake kizuri."

Mzee Msengi alitusikiliza amesimama. Hakuuliza lolote kuhusu gari. Aliuliza kama Mzee Maganga alizikwa na watu wengi, nikasema ndiyo, wengi. Ntandu alitaka kuirudisha springi yetu mahali pake angalau gari lisimame vizuri upande mmoja. "Iweke tu ndani," Mzee Msengi alisema. Ikawekwa nyuma ya mlango, ndani ya blanketi lake.

Kumwambia Naomi hakuna aliyeweza. Kila jioni aliuliza gari limefika wapi, na Mama Grace akawa anajibu kwamba liko njiani, mvua tu. Naomi alifariki akiamini hivyo.

Nilipata habari asubuhi, nikaenda Ikungi na basi la kwanza nililolipata. Nilimkuta Mama Grace ameshavaa kitenge chake cha kanisani na kilemba. Mzee Msengi alikuwa amekataa kumwacha peke yake, na binti yao Grace alikuwa ametoka Mwanza akaenda Kiomboi moja kwa moja. Nilidhani mama amevaa kwa ajili ya kupokea watu. Lakini aliniambia, "Mdogo wangu, mwambieni Ntandu aniweke garini."

"Garini wapi, dada?"

"Pale uani."

Sikumwelewa, ila hatukubishana naye. Ntandu na majirani walimbeba na shuka lake, wakamlaza kwenye godoro nyuma ya Mfaransa, juu ya mawe, mlango wa nyuma wazi. Nilipanda nikakaa pembeni yake. Mzee Msengi alizunguka, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye usukani, mikono mapajani.

Grace alipiga simu kutoka makaburini, akaweka sauti wazi. Tulisikia upepo, watu wakikohoa, kisha wimbo. Mama Grace aliimba nao kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, amefumba macho. Tulimsikia mchungaji. Tukasikia udongo wa kwanza. Halafu mtandao ukakatika.

Nilijaribu kupiga. Ntandu, aliyekuwa amesimama nje, naye akajaribu kwa simu yake. Haikupatikana. Jua lilikuwa linaingia kupitia kioo cha nyuma, na ndani ya gari joto lilikuwa linapanda. Mzee Msengi, bila kugeuka, aliuliza, "Mama Grace, tukushushe?"

"Ngojeni kwanza," alisema. "Bado hawajamaliza kuzika."